Tairi gani za matope kwa trisikli ya mzigo, njia ya Kibumba?

Mama Kabichi

Habari zenu wote. Mimi ni mama wa kabichi soko la Virunga, hapa Goma, na mambo ya moto, yaani pikipiki, siyajui. Nasema mapema ili asitokee mtu kuniuliza injini ina nguvu gani. Ninachojua ni kwamba trisikli ni yangu, deni lake la likelemba, ule mchezo wetu wa kuchangiana kwa zamu, nililimaliza mwezi wa pili, na kila ikikwama anayeshuka kusukuma ni mimi.

Anayeendesha ni mtoto wa dada yangu. Tunaondoka alfajiri kwenda Kibumba, kaskazini mwa Goma, kuchukua kabichi, karoti na puaro (liki), saa nne tuwe tumeshateremsha mzigo sokoni. Barabara kubwa haina neno. Nina shida mbili, na mbaya zaidi zinapingana. Ya kwanza ni vile vinjia vya kutoka barabarani kwenda mashambani. Udongo ni mweusi, laini, ndiyo maana kabichi zinanenepa, lakini mvua ikipiga usiku asubuhi unakanyaga sabuni. Ya pili ni mawe. Ninyi mnaoishi mbali na volkano yetu ya Nyiragongo labda mnadhani jiwe ni jiwe tu. Jiwe la lava lina matundu, na kila tundu lina ukingo kama kopo lililofunguliwa kwa kisu. Viatu vyangu vya shamba huwa navibadilisha kila baada ya miezi mitatu.

Alhamisi iliyopita ndiyo imenileta hapa. Tulikuwa na magunia saba ya kabichi, kijana mbele, mimi juu ya magunia kama kuku anayepelekwa sokoni. Tunashuka kinjia cha mzee mmoja tunayenunua kwake. Kijana akakata usukani kulia, trisikli ikaendelea na safari zake. Gurudumu la mbele limegeuka kabisa, naliona kwa macho yangu linaangalia kulia, lakini chombo chote kinakwenda kushoto, mtaroni. Tukasimama tumeinama. Kijana akiongeza mafuta, gurudumu moja la nyuma linazunguka kama feni na kutupaka matope hadi kwenye nyusi. Lile la pili limetulia kama halihusiki. Saa mbili nzima tulikuwa pale. Wenye chukudu, zile skuta za mbao za kusukuma kwa mguu, wanatupita na makala (makaa) yao, na mmoja akasimamisha chukudu yake ya mbao, akaniuliza, "Mama, tukuvute?" Nilimjibu maneno ambayo hapa sitaandika.

Sasa tairi. Zilizopo zimeisha, nyuma zimekuwa kama kichwa cha marehemu baba. Nyuma pameandikwa 5.00-12 na 6PR, mbele 4.50-12. Muuzaji wa mtaa wa Birere, hapa mjini, amenionyesha aina tatu za nyuma. Moja ina meno marefu yenye umbo la V, kama ya trakta, ni 6PR, dola 55 kila moja. Ya pili ina mistari tu ya kuzunguka, ya barabarani, dola 40. Ya tatu iko katikati, ina vipande vipande kama kashata, nafasi kati yake ni upana wa kidole, 8PR, dola 48. Kijana anataka za trakta. Ameniambia, "Mama mdogo, ukininunulia zile hutashuka tena kusukuma."

Ningemwamini, ila mwaka juzi tuliwahi kuwa na meno marefu, tulinunua yaliyotumika. Kwenye tope zilikwenda vizuri, sisemi uongo. Wiki ya tatu tukapita upande wa Buhene, kule lava ya Mei 2021 iliposimama, jiwe likaingia. Halikugusa jino. Liliingia katikati ya meno mawili, penye ngozi nyembamba, likapasua hadi nyuzi zikachungulia. Tairi moja likafa siku hiyo, la pili baada ya siku tisa.

Pesa ninayo ya tairi tatu, mara moja tu. Nikikosea, ni hadi likelemba inizungukie tena. Nichukue zipi? Tafadhali asiniambie mtu ninunue gari.

---

Shofere Birere

Mama, chukua za trakta, tena kubwa kuliko zote zinazoweza kuingia. Mimi nimeweka ukubwa mmoja mbele na nyuma na ninapita kila mahali. Mawe ni bahati tu.

---

Kwado wa Kadutu

Jambo mama, pole kwa Alhamisi. Mimi ni kwado hapa Bukavu, naziba na kufunga tairi mwaka wa kumi na nne huu, na trisikli ndizo zinazonilisha siku hizi kuliko magari. Huyo ndugu hapo juu hajadanganya kuhusu tope. Hajakwambia anapita wapi, basi.

Kabla ya kuangalia meno ya tairi, jiulize chini ya tope kuna nini. Hapo ndipo watu wanapopoteza dola zao. Kuna tope lenye sakafu na tope lisilo na sakafu. Kwetu ukienda Walungu msimu wa mvua, udongo mwekundu unashuka tu, unachomeka fimbo inazama mpaka mkono. Hapo unataka tairi pana lenye meno marefu, kwa sababu hakuna kitu cha kukanyaga chini. Lazima ulikamate tope lenyewe na kulisukuma. Kwenu nadhani ni tofauti. Udongo wa volkano mara nyingi umelala juu ya mwamba, na tope lenye sakafu dawa yake ni tairi jembamba kiasi, linalokata tope na kufika chini likashike jiwe. Ukiweka tairi pana mno pale, linaelea juu ya ute. Kwa hiyo kesho mama chukua fimbo, unene wa kidole gumba, chomeka katika kila pahali mnapokwama. Ikigonga kabla ya kuzidi urefu wa kiganja au viwili, sahau trakta. Ikizama hadi gotini, tutaongea upya.

Kuhusu lile jiwe lililoingia kati ya meno, umeona vizuri kuliko mafundi wengi. Tairi la meno marefu linasimama juu ya meno machache, na katikati limeachwa wazi kusudi, ili tope lipate pa kutokea gurudumu likizunguka. Uwazi huo ndio mlango wa jiwe. Halafu lile lilikuwa limetumika, na zile mpya anazotaka kijana wako ni 6PR. Hiyo PR zamani ilikuwa hesabu ya tabaka za nyuzi za pamba. Leo ni kipimo cha nguvu tu, usitegemee kukuta tabaka nane ndani ya 8PR, lakini nane ni imara kuliko sita, na kwa mawe yenu mimi nisingefunga sita hata kama unanilipa mara mbili.

Tafuta pia namba ndogo ya uzito ubavuni. 80 maana yake tairi moja linabeba kilo 450, 85 ni kilo 515, 88 ni kilo 560, na ni pale tu upepo ukiwa umejaa sawasawa. Magunia yako saba, wewe mwenyewe, kijana, chuma cha trisikli, karibu vyote vinakalia tairi mbili za nyuma. Piga hesabu, wewe ni mfanyabiashara.

Sasa la mbele, maana hukuliuliza na ndilo lililokutia mtaroni. Gurudumu la mbele la trisikli halivuti, kazi yake ni kuelekeza tu. Meno yaliyokingama yanashika pale tairi linaposukuma kwenda mbele. Ukilikata kona na halivuti kitu, linateleza ubavu kama mtu mwenye kandambili kwenye sakafu yenye maji. La mbele linataka mistari ya kuzunguka, mirefu, yenye kingo kali. Ukingo wa mstari ndio unaouma udongo upande ule unaokwenda. Kaitazame trakta ya zamani inayovuta kwa nyuma tu: nyuma ina V, mbele ina mistari mitatu imezunguka gurudumu zima. Aliyeitengeneza hakukosa pesa ya V za mbele.

Na mama, samahani, ulikaa wapi? Kama magunia yamerundikwa hadi nyuma ya ekseli, na wewe juu yake, unainyanyua pua ya trisikli. Gurudumu la mbele linakuwa jepesi, na jepesi halielekezi hata ukilifunga misumari. Magunia mazito yasukumwe mbele, yaegemee mgongo wa dereva.

Gurudumu moja kuzunguka na la pili kutulia si ubovu. Ni difu, ile gia ya katikati ya ekseli ya nyuma inayogawa nguvu. Inapeleka nguvu upande ulio mwepesi, yaani upande uliokosa pa kushika. Kijana akikwama hivyo, aweke gia ya chini, na kama yenu ina ule mkono wa pili wa gia ya nguvu autumie, aongeze mafuta kidogo huku amekanyaga breki ya nyuma nusu, taratibu. Breki inalibana lile linalozunguka ovyo, na nguvu inahamia kwa mwenzake. Asifanye kwa dakika nzima, ataunguza ambreyaji (klachi). Sekunde chache, apumzike, arudie.

Jibu langu basi, fimbo ikikubali: nyuma zile za kashata za 8PR, mbele mistari ya kuzunguka yenye nguvu ileile. Usipandishe ukubwa. Tairi kubwa zaidi linaifanya gia yako kuwa nzito, mlima uliokuwa unaupanda na gia ya pili utaomba ya kwanza, na tope likijaa kati ya tairi na sanduku la mzigo halitoki.

Mengine ya kukagua mbele ya muuzaji, haraka. Tarehe: ubavuni kuna namba nne za mwisho ndani ya kiduara, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililoanikwa juani mbele ya duka miaka mitano limeshazeeka hata kama lina vinyweleo vyake. Mshale: ukifunga tairi lenye V, ncha ya V ndiyo itangulie kugusa ardhi, ukigeuza linajizolea tope badala ya kulitema. Shambrea, yaani mpira wa ndani, nunua mpya, ya kipimo kilekile, ipakwe poda kabla ya kuingia. Usikubali kwado akurudishie ile yenye viraka sita ndani ya tairi jipya. Hata nikiwa kwado mimi.

---

Makala Lubumbashi

Yaya (kaka) Kwado umeongea vizuri, lakini mimi nakataa moja. Niko Lubumbashi, nabeba makala kutoka porini, mvua kwetu inaanza kama mwezi wa kumi na moja hadi wa nne. Nimefunga meno ya trakta nyuma, mwaka wa pili huu, siyatoi. Kwetu hakuna lava. Kuna udongo mwekundu, kuna udongo wa vichuguu ambao ukiloa unashika gurudumu kama bukari (ugali) inavyoshika mwiko, na adui yetu ni visiki vya miti iliyokatwa, vimefichwa chini ya majani. Kisiki kinatoboa tairi lolote, la barabarani au la trakta, kwa hiyo bora nipate lile linalovuta.

Kasoro yake nikiingia lami ya mjini trisikli inatetemeka kama mtu mwenye malaria, mafuta yanaisha upesi, na meno ya katikati yanaliwa kuliko ya pembeni. Hayo nayavumilia kwa sababu kilomita nyingi za safari yangu ni pori. Mama, wewe hesabu kilomita zako za tope ni ngapi na za mawe ni ngapi.

Kitu cha kukusaidia hata usiponunua chochote: beba kamba nene ya mkonge. Mkikwama, pitisha kamba kwenye matundu ya janti (ringi) na kuzunguka tairi mara nne tano, funga mafundo upande wa nje. Tairi lililoisha linapata meno ya muda. Angalieni isiguse bomba la breki, na mkitoka mfungue hapohapo, msiende nayo barabarani. Mimi pia napunguza upepo hadi kilo moja, tairi linatanuka, linapita.

---

Kwado wa Kadutu

Mdogo wangu wa Lubumbashi, kamba nakubali, hata mimi nimeifanya. Hilo la kilo moja ndilo linalonipa mimi chakula. Tairi la shambrea likiwa na upepo mdogo na mzigo mkubwa, janti inazunguka kidogo ndani ya tairi kila unapovuta, shambrea inafuata tairi, valvu imebaki kwenye tundu la janti. Siku ya tatu valvu inang'oka, na ile haizibwi. Juu ya mawe ya Goma ni mbaya zaidi, jiwe linaibana shambrea dhidi ya janti na kuacha matundu mawili pacha.

Mama, chora mstari wa rangi ya kucha kutoka kwenye janti hadi kwenye tairi. Ukikuta mistari imepishana, upepo ni mdogo. Kiwango soma ubavuni. Ukiona kPa, gawanya kwa 100, hiyo ndiyo "kilo" anayokutajia kwado, au karibu sana nayo. Mkipanda bila mzigo unaweza kupunguza kidogo, lakini uwe na pampu ya kurudishia kabla ya magunia kupanda.

---

Petit Himbi

Mimi siendeshi trisikli, natazama video tu. Nimeona Honda za zamani za magurudumu matatu zinacheza kwenye matope, tairi kama maputo. Mbona mama asiweke maputo?

---

Shofere Birere

Zile zinaitwa ATC, mdogo wangu. Zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1970, mtu mmoja anapanda kwa starehe, tairi zina upepo kidogo sana hata ukizibonyeza kwa mkono zinaingia. Haziponi zikiwekewa magunia saba ya kabichi. Na mwaka 1988 waliozitengeneza walikubali kuacha kuziuza kule kwa ajili ya ajali. Gurudumu moja mbele, mbili nyuma, unakata kona kwa haraka inakulalia. Hiyo tabia hata za kwetu zinayo. Mama, mwambie kijana kona aikate polepole.

Halafu sawa, nimesoma maneno ya kwado. Mimi napita njia ya Sake na nyuma ya uwanja wa ndege, Kibumba sijafika na mzigo. Labda ndiyo maana.

---

Mama Kabichi

Nimerudi, na aksanti kwa wote, hata kwa wa maputo, amenichekesha.

Fimbo niliichomeka Jumamosi. Wanawake wenzangu waliniuliza kama nimeanza kutafuta hazina. Kinjia cha mzee, pale tulipoingia mtaroni: kiganja kimoja na nusu, halafu ko! mwamba. Mahali pa pili, kiganja kimoja. Pa tatu pia. Penye mlima mfupi wa mikaratusi, hata kiganja hakifiki, ni ute tu juu ya jiwe, ndiyo maana panateleza hivyo. Sehemu nane nilizopima, saba zina sakafu. Ya nane nitaisema.

Kilomita nilihesabu pia, kama kijana wa Lubumbashi alivyosema, kwa kumwomba kijana atazame ile saa ya trisikli inayohesabu kilomita. Tope la kweli, kwenda na kurudi, halifiki kilomita tano. Yote yanayobaki ni lami, vumbi na mawe.

Basi Jumatatu nikaenda Birere na kijana amenuna. Muuzaji alianza kunisifia zile za trakta, nikamwambia anigeuzie ubavu nisome tarehe. Alinitazama kama mbuzi ameongea. Zile za kashata mbili za kwanza zilikuwa na miaka sita, zilikuwa nje juani kweli, nikazikataa. Akaingia ndani, akatoka na nyingine za mwaka jana, bado zimefungwa karatasi. Kumbe zilikuwepo. Namba ya uzito ni 88. Dola 48 zikawa 46 kwa sababu nilichukua na la mbele, la mistari, na shambrea tatu. Poda nilitumia ya mtoto wa jirani, naomba asisome hapa.

Kwado wangu wa hapa alitaka kutia ndani ya tairi kipande cha tairi kuukuu la moto, kama kinga ya mawe. Anasema wote wanafanya hivyo. Sikukubali kwa mapya, nikamwambia tusubiri kwanza. Kaka wa Kadutu, nilifanya sawa?

Safari ya kwanza ilikuwa jana, na mvua ilikuwa imenyesha tangu saa nane za usiku, nikafikiri hiyo ni baraka ya kupimia. Magunia mazito tuliyasukuma mbele, mimi nikakaa nyuma ya mgongo wa kijana, si juu tena. Kinjia cha mzee akakata kulia, na trisikli ikaenda kulia. Mnaweza kucheka, lakini nilipiga kelele. Kwenye mlima wa mikaratusi gurudumu moja lilianza kuzunguka, akakanyaga breki nusu kama mlivyosema, ikasita, ikanguruma, ikapanda. Tulinusa ambreyaji kidogo. Tulipumzika juu, akavua kofia, hakusema kitu kuhusu trakta.

Mahali pa nane sasa. Ni kinjia cha ng'ombe kinachokwenda shamba la puaro, fimbo ilizama pale hadi nikaogopa kuipoteza. Jana tulikwama palepale, kwa dakika kumi tu, tukarudi nyuma kwa rivasi. Kwa tairi za trakta labda tungepita. Lakini ni mita mia mbili katika safari nzima, na siwezi kuvaa viatu vya harusi kila siku kwa ajili ya harusi moja. Trisikli tuliiacha kwenye jiwe, na magunia manne ya puaro yakaletwa kwa chukudu, franka 2,000 kila gunia. Aliyeyaleta, mtamjua tu, ni yuleyule wa Alhamisi. Hakusahau. Mimi pia sikusahau, nilimwomba radhi, akasema mama wa kabichi wote wana mdomo.

---

Kwado wa Kadutu

Mama, ulifanya sawa. Kipande cha ndani kinachubua shambrea na kulitia tairi joto. Kiwekwe siku tairi limeshaanza kuchanika na huna pesa, na la nyuma tu, kamwe si la mbele. Kingo zake zichongwe ziwe nyembamba kama karatasi.

Baada ya safari tano, mwambie kijana apitishe mkono kwenye kila nafasi kati ya kashata akitafuta vijiwe. Vinavyokaa pale vinachimba taratibu. Bisibisi inatosha kuvitoa.

---

Makala Lubumbashi

Na zile kuukuu mama umezitupa? Huku kwetu tungeshona sandali.

---

Mama Kabichi

Moja limekuwa kiti cha watoto. La pili, yule wa chukudu alipoliona nyumbani aliomba ubavu wake ambao haujachanika, gurudumu lake la mbele la mbao limebaki bila mpira. Nilimwambia alete franka 3,000. Akaleta 2,000 na makala kopo moja. Amelikata mwenyewe uani kwangu kwa panga na msumari, na kesho saa kumi na moja alfajiri tunapanda naye Kibumba.